Daraja Lililopitiwa

Watu wengi, hata wale wenye shahada zilizotundikwa ukutani, hawajui kwamba reli ina leseni. Wanadhani leseni ni ya dereva, ya duka, ya baa. Reli wanaiona imelala tu pale chini kama mvivu asiyeomba ruhusa kwa mtu. Mimi shule niliishia pale mwalimu aliponichoka, lakini hili nalijua kuwashinda, kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyeitwa Mwenye Leseni.

Wazazi wake walimpa jina zuri, ila ofisini lilikwisha kuoza. Alikuwa afisa katika kampuni inayotunza njia ya reli ya nchi nzima. Njia, jamani, si treni. Treni ni za kampuni nyingine, nazo zinaipanga ile njia ya chuma kama mpangaji anavyopanga chumba. Kampuni yake ilishughulika na reli zenyewe, mataruma yanayozibeba, ishara na madaraja, na ili ishughulike ilipewa leseni na Mdhibiti wa serikali, kitabu kinene kilichojaa masharti. Mwenye Leseni hatapendelea treni ya huyu kuliko ya yule. Mwenye Leseni atatangaza mapema akitaka kufunga njia. Mwenye Leseni atahakikisha hiki, atahakikisha kile. Na kila mwaka ilikuwa kazi ya mwanamke huyu kutia sahihi tamko la kwamba masharti yote yametimizwa, bila kuacha hata moja. Basi wenzake wakambandika jina. "Mwenye Leseni atahakikisha chai ina sukari!" Naye anacheka, anahakikisha.

Alikuwa na kiburi kimoja tu, nacho ni cha Kiswahili. Leseni ilipoandikwa upya alikuwa kwenye kamati, na walipofika sharti la saba, rasimu ilisema kila daraja "litakaguliwa" kabla ya mvua na baada ya mvua. Akaweka kalamu chini.

"Kukaguliwa ni neno la polisi," alisema. "Daraja si mwizi. Andikeni litapitiwa. Mtu hupitia hotuba, hupitia hesabu, mwalimu hupitia daftari. Ni neno la watu wazima."

Kamati nzima ikapiga makofi, ikaandika litapitiwa, ikaenda kula. Wasomi watupu mle chumbani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: lipitiwe wapi, juu au chini? Mimi ningeuliza. Lakini mimi sialikwi kwenye kamati.

Nyumba yake ilikuwa kwenye kota za reli, safu ya nyumba za matofali zilizokaa kati ya stesheni na mto. Mumewe alikuwa dereva wa treni ya abiria ya alasiri, mtu mnene mwenye sauti ya kicheko, na wote walimwita Honi. Kila siku treni yake ilitoka stesheni, ikapita mgongoni mwa nyumba yake mwenyewe, ikavuka daraja, na ilipofika ng'ambo alipiga honi mara mbili, fupi kisha ndefu. Barazani alikaa mama yake Honi, bibi ambaye macho yalimwacha zamani lakini masikio yakabaki na kazi ya watu wawili. Akisikia honi anasema, "Huyo amekwenda." Alfajiri ya pili treni ikirudi anasema, "Huyo amerudi." Ndiyo ilikuwa saa yake ya kutaka chai.

Daraja lenyewe waliliita Kibogoyo, kwa kuwa upande mmoja lilikuwa halina vyuma vya kushikilia. Lilisimama kwa nguzo za mawe zilizotumbukia mtoni, na mto ule ulikuwa na tabia ya mgeni mbaya: ukija unakuja na matope yake, ukiondoka unaondoka na kitu cha wenyeji.

Asubuhi ninayoisimulia, mvua kubwa zilikuwa zimekatika pale kota, ingawa juu milimani mawingu yalikuwa bado yamekaa kikao. Honi alikuwa anakunywa chai kabla ya kwenda kukikagua kichwa cha treni.

"Kibogoyo siku hizi anaitikia," alisema, mkate uko shavuni.

"Anaitikia nini?" mkewe aliuliza.

"Zamani nikishavuka, kimya. Sasa behewa la mwisho likitoka tu, nasikia kule chini: mhu! Kama mzee aliyeamshwa usingizini."

"Wewe na maneno yako."

"Si maneno yake," bibi alisema kutoka barazani. "Na mbayuwayu wamehama. Walikuwa wanapiga kelele chini ya daraja tangu nilipoolewa huku. Tangu ile mvua ya juzi, siwasikii."

Kisha Honi akacheka.

"Mama watoto, si ulisema daraja limepitiwa?"

"Limepitiwa baada ya mvua. Nimeletewa taarifa na tamko nalitia sahihi leo."

"Basi yamekwisha. Labda linanisalimia. Mimi na yeye tunaonana kila siku, si adabu kupishana kama mabubu."

Akachukua kofia yake, akamgusa mama yake begani, akaondoka. Mkewe alibaki anaosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata.

Ofisini tamko lilikuwa mezani, limechapwa vizuri, limebaki kusubiri mkono wake. Lilitakiwa lifike kwa Mdhibiti kabla ofisi hazijafungwa siku hiyo, la sivyo leseni ingesimamishwa, na kampuni isiyo na leseni haina ruhusa ya kupitisha hata mkokoteni. Alifungua kalamu. Sharti la kwanza sawa, la pili sawa. Alipofika la saba, kalamu ikasita. Limepitiwa. Akasikia ile "mhu" ya mumewe tena.

Akainuka akaenda kwenye chumba cha injinia wa madaraja, kijana mpole aliyependa mashati ya pasi.

"Kaka injinia, hebu niambie. Kibogoyo uliliona mwenyewe?"

"Nililipitia mwenyewe, mama. Baada ya mvua tu."

"Uliona nini kule chini?"

"Chini wapi?"

"Chini ya daraja. Kwenye miguu."

Yule kijana akamtazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. "Mama, sharti linasema lipitiwe. Nimelipitia. Nilipanda kiberenge, nikatoka upande huu nikafika upande ule. Hata breki sikugusa, lilikuwa laini kama zulia."

"Ulipita juu yake."

"Sasa nipite wapi? Ndivyo tunavyofanya yote. Injinia aliyenitangulia alinionyesha. Zamani sana, wanasema, walikuwa wanashuka na nyundo, lakini leseni mpya ilipokuja ikabadilisha neno, na Bwana Tija akasema kiberenge kinatosha, kinaokoa muda."

Mwanamke alishika fremu ya mlango. Mumewe alizoea kusema "nimepitiwa" kila aliposahau kuleta sukari nyumbani. Lilikuwa neno hilo hilo. Nchi nzima ilikuwa imepitiwa, daraja kwa daraja, na neno lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyelivalisha koti na kuliingiza ukumbini.

Bwana Tija alikuwa mkurugenzi wa njia. Jina alilipata kwa kulitaja lile neno tija mara nyingi kuliko jina la mkewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na mtu wa haraka ana ubaya wake mwenyewe.

"Dada yangu," alisema alipomsikiliza hadi mwisho, "unataka nimwambie Mdhibiti kwamba tumelielewa vibaya neno uliloliweka wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa miaka yote hii?"

"Ndiyo, bosi."

"Na madaraja yamesimama au yameanguka?"

"Yamesimama."

"Basi hatukulielewa vibaya. Tia sahihi. Ukishatia, sote tulale kwa amani."

"Nitatia nikishaliona Kibogoyo chini."

"Hata leo?"

"Hata sasa hivi."

Alimtazama, akaitazama saa yake. "Mpeleke," alimwambia injinia, aliyekuwa amemfuata hadi mlangoni. "Mwende na kiberenge, mtaokoa muda."

Kiberenge, kwa asiyekijua, ni kigari kidogo cha kutembelea relini, kina kiti kama cha bustanini na injini inayopiga kelele kuliko nguvu zake. Walikiegesha mwanzo wa daraja, wakashuka ukingoni wakishika majani. Matope yalimla mwanamke kiatu kimoja, akakiacha. Chini ya daraja palikuwa na baridi na harufu ya chuma kilicholowa. Viota vya mbayuwayu vilikuwepo, safu nzima, vitupu kama macho. Hakuna ndege, wala chura.

Maji yalikuwa yamepungua, yameacha mchanga mweupe kuzunguka nguzo ya kati. Injinia akaisogelea akitabasamu tabasamu la mtu anayetaka kumaliza akaoge. Kisha tabasamu likaisha.

"Mama, usije karibu."

Akaja karibu. Nguzo ilikuwa haijakaa juu ya kitu. Msingi ulipotakiwa kuwepo palikuwa na pango, limechimbwa na maji kwa uvumilivu, na lile jiwe zito lilining'inia juu ya pango lile kama jino linaloshikwa na ufizi tu. Injinia alichukua fito ndefu iliyoletwa na mto, akaichomeka mle. Iliingia. Akasukuma, ikazidi kuingia, mpaka vidole vyake vikagusa jiwe, na mwisho wa fito haukugonga kitu.

Juu yao, pasipo mtu, daraja likasema: mhu.

Mwanamke alipiga simu chumba cha kuongozea treni. Aliyepokea alikuwa mwongozaji wa zamu, mzee mwenye sauti kavu ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia.

"Zuia treni ya alasiri," alimwambia.

"Imeshatoka stesheni. Inakuja kwenu."

"Ndiyo maana nakwambia zuia! Ishara ya darajani iwe nyekundu."

"Mwanangu, njia haifungwi kwa simu ya mtu. Kwa amri ya nani? Bwana Tija yuko hapo?"

Hakuwepo. Kwa mbali, upande wa kota, reli zilikuwa zimeanza kuimba ule wimbo mwembamba unaotangulia magurudumu. Mwanamke akaisikia njia ile kwa mara ya kwanza jinsi mama mkwe wake alivyoisikia. Kuna watu ndani ya yale mabehewa, walimu, wachuuzi, wanafunzi wamelala vichwa dirishani. Na mbele yao wote, mtu mnene anayetafuna mkate uliobaki asubuhi.

"Sharti la kumi na mbili," alisema, na sauti yake ikatoka kama anasoma. "Mwenye Leseni, akijua au akihofia hatari kwenye njia, ataifunga mara moja na kumjulisha Mdhibiti, na hataifungua mpaka Mdhibiti aridhike. Limebandikwa mbele yako hapo, si kweli?"

"Limebandikwa. Na anayefunga ni Mwenye Leseni."

"Na mimi mnaniitaje?"

Mzee yule alijua vizuri kwamba mwenye leseni ni kampuni, si mwanamke wa kwenye korido. Lakini pia alikuwa amemwita jina hilo kwa miaka, kila siku, mbele ya mashahidi, tena akicheka.

"Basi narekodi," alisema polepole. "Njia imefungwa kwa amri ya Mwenye Leseni."

Ishara ikawa nyekundu. Walisikia breki zikilia, ndefu, za hasira, kisha kichwa cha treni kikatokeza na kusimama jirani kabisa na daraja, kinahema. Honi akapiga honi moja, ndefu tu, isiyo na fupi yake. Nyumbani, bibi barazani aliinua kichwa.

Bwana Tija alifika kwa gari akiwa tayari ameshapandwa na hasira. Abiria walikuwa wameshuka, wamejaa kando ya reli na mizigo, kila mmoja ana swali lake.

"Nani kafunga njia yangu?"

"Mwenye Leseni," alijibu injinia, na hakuwa anatania.

"Ifungue, dada. Sasa hivi. Mimi ndiye mkurugenzi."

"Haifunguki, bosi. Imeshafungwa kwa jina la kampuni, na Mdhibiti nimeshampigia. Mtu wake yuko njiani. Shuka uone."

"Nimevaa viatu vya ofisi. Na mimi daraja siliangalii kwa chini kama fundi cherehani anayepima pindo! Daraja ni la kupita. Likipitika ni zima."

Honi alikuwa ameteremka kwenye kichwa chake. Alimtazama mkewe aliyesimama na kiatu kimoja.

"Mama watoto, abiria wananitukana mpaka ukoo. Niambie nipite nitapita, niambie nisipite sitapita. Lakini niambie sababu."

"Shuka ukaone."

Akashuka, yule mtu mnene, akiporomoka kwa makalio. Alikaa kule chini kitambo. Alipopanda alikuwa hachekeshi tena. Akapanda kwenye kichwa cha treni, akachomoa ule mpini ambao bila huo treni haiendi mbele wala nyuma, akaja akautumbukiza kwenye mkoba wa mkewe, kati ya kitana na funguo za nyumba.

"Abiria warudi stesheni," alisema. "Hata Mdhibiti akija na bendi, leo mimi sivuki."

Hapo Bwana Tija akaona watu wanamwangalia. Na mtu wa haraka akiangaliwa, anafanya la haraka.

"Sawa," alisema, anavua koti. "Mnaogopa daraja lililobeba babu zenu. Nitalipita mimi. Nitapita na kurudi, nitapita na kurudi, mpaka huyo mtu wa Mdhibiti afike anikute juu yake nimekaa."

"Bosi, usifanye hivyo," injinia alisema.

"Kiberenge hiki mbuzi wanne wanakizidi uzito. Sogea."

Kweli kilikuwa chepesi, na hilo ndilo lililowafunga wengine midomo. Injinia alishika ubavu wa kiberenge, akabaki ameshika hewa. Kikaenda kikipiga kelele zake, kikavuka, kikarudi, mkurugenzi ameinua mkono kama bwana harusi. Baadhi ya abiria wakampigia makofi. "Mmeona?" alipaza sauti. "Limepitiwa!" Akageuza tena.

Injinia akabaki mwanzo wa daraja na bendera nyekundu, anamwita kila anaporudi, na kila anaporudi anajibiwa kwa mzaha. Mwanamke na mumewe walikwenda hadi kwao, ni hatua chache tu, kumsubiri mtu wa Mdhibiti aliyekuwa anakuja kwa barabara, na kutafuta kiatu kingine. Milimani wingu lilikuwa limefunga kikao chake na kumwaga mvua, na rangi ya mto ilikuwa imeanza kubadilika, kutoka maji ya mchele kwenda chai.

"Mbona honi ilikuwa moja?" bibi aliuliza barazani.

"Leo sikuvuka, mama," Honi alisema, akikaa miguuni pake kama mtoto.

"Umepitiwa?"

"Hapana. Nimezuiwa. Na mke wangu."

"Mungu amweke." Kisha akainamisha sikio. "Na huyu mwenye kelele kama mashine ya kusaga ni nani? Anacheza?"

"Ni bosi wetu, mama," mwanamke alisema.

"Mh. Huyo amekwenda."

Kiberenge kililia kule, kikafifia, kikarudi.

"Huyo amerudi," bibi alisema, na mchezo ukaanza kumpendeza. Mwanamke alimmiminia chai. Mkoba wake ulikuwa mezani, mpini wa treni umechungulia, na kando yake tamko lile lisilotiwa sahihi, alilotoka nalo ofisini. Alichukua kalamu, akalikata neno moja kwenye sharti la saba, akaandika juu yake: halijakaguliwa.

Maji yalisikika sasa. Hata Honi aliyasikia, akageuza shingo.

"Huyo amekwenda," bibi alisema.

Kisha daraja likaitikia. Halikusema mhu. Lilisema neno refu, zito, la chuma na jiwe, lililopita chini ya baraza na kutikisa chai kikombeni, na kule mtoni sauti ya injinia ikapanda juu, ikaita jina la mtu mara nyingi.

Honi alikuwa ameshafika uani, mkewe nyuma yake, miguu mitupu. Bibi alibaki peke yake na kikombe, sikio limeelekea mtoni, anasubiri. Alisubiri sana.

"Hajarudi," alisema.